Godoro la Jirani

Napenda vitabu vya mauaji. Kazini sisemi, kanisani ndiyo kabisa, na mpaka juzi juzi waliojua walikuwa wawili tu: muuzaji wangu wa vitabu kule soko la Gikomba na mzee mmoja aliyeishi mkabala na nyumba yangu hapa Kaloleni. Mzee amekufa. Muuzaji bado yupo, ila siku hizi nikikaribia gunia lake napita upande wa mafundi seremala, nikijifanya natafuta stuli.

Si vile vya bastola na majambazi wa mjini. Hivyo sina haja navyo. Mtu akitaka majambazi asikilize taarifa ya habari. Vyangu ni vya kijijini. Kijiji kidogo cha Uingereza chenye kanisa la mawe, duka moja, njia moja inayopinda, na watu wanaojuana mpaka majina ya paka wao. Asubuhi moja mtu anakutwa amelala kifudifudi kwenye bustani ya maua, na mara nyingi ni mtu ambaye hakuna aliyempenda. Polisi wanakuja, wanakosea. Halafu anatokea mwoka keki au mwalimu mstaafu, mtu wa kawaida ambaye kipaji chake ni kuangalia tu, anaona kikombe kimoja kimeoshwa na vingine ni vichafu, na kufikia ukurasa wa mia mbili amewakusanya wote sebuleni akawaambia ni nani. Wanakunywa chai. Basi.

Muuzaji wangu alinielewa mapema. Hutandaza vitabu chini juu ya gunia, karibu na mama wa mashuka ya mitumba, na akiniona kwa mbali huanza kuchambua. "Sasa mathe," huniambia, "nimekuwekea zile zako za maiti na maua." Nilikuwa nikicheka, lakini kwanza nilitazama nyuma nione kama kuna mtu wa kwaya.

Niseme nilivipendea nini, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Huku kwetu kifo ni kazi. Mimi ni karani, mwandiko wangu umenyooka, kwa hiyo kila kamati ya mazishi ya mtaa huu hunifanya katibu. Mtu akikata roho asubuhi, jioni nina orodha mkononi: tenti, viti, sufuria kubwa ya kanisa iko kwa nani, nani atachemsha chai, basi litaondoka mochari saa ngapi, picha gani ya marehemu itakaa juu ya ratiba. Kwenye vitabu vyangu hakuna anayechemsha chai ya umati. Maiti inaondolewa kwa sentensi moja. Hakuna mjane anayelala sakafuni, hakuna wajomba wanaogombana kuhusu mahali pa kuchimba kaburi, na anayelia analia nusu ukurasa. Baada ya wiki ya matanga, nilikuwa nikirudi nyumbani, navua viatu, nafungua kitabu cha mauaji, na moyo unatulia. Najua inavyosikika.

Na kuna jambo la pili. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la sita, huko Ukambani, na mpaka leo sijui kilichomuua. Kila nilipoingia chumbani watu wazima walishusha sauti. Kwa hiyo kitabu ambacho mwishoni mwake mtu anasimama na kusema wazi kwamba huyu alikufa hivi, kwa sababu hii, kilinigusa mahali ambapo mahubiri hayajawahi kufika. Sisemi haya ili nionewe huruma. Wako wengi ambao hawakuambiwa baba zao walikufa na nini, na hawakufanya nilichofanya.

Mzee alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa magharibi mwa nchi, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kukaa tu. Ndiye aliyenionyesha kwamba Kaloleni yenyewe ni kijiji. Wazungu waliouchora mtaa huu, alisema, walikuwa wamekumbuka kwao: ndiyo maana ukumbi uko katikati, nyumba ni fupi za mawe zimezunguka nyasi, na njia hazinyooki. "Karani," aliniambia, maana hakuniita kwa jina, "hapa tumepungukiwa na maiti tu kwenye bustani." Tulicheka sana siku hiyo. Nikikikumbuka kicheko hicho sasa, uso unapata moto.

Tulikuwa tukibadilishana vitabu. Mimi nasoma kwanza, maana ndiye niliyekwenda Gikomba, kisha namvusha kitabu barazani kwake. Kila mmoja akifika katikati aliandika kwenye kikaratasi ni nani muuaji, akakichomeka ndani ya jalada, na mwisho tulifungua pamoja. Alinishinda mara nyingi kuliko nilivyopenda. Alisema mimi huamini vikombe kuliko watu. Nilimjibu kwamba vikombe havidanganyi, naye akarekebisha miwani yake iliyofungwa kwa uzi na kuniambia nilete chai.

Kweli, chai hatukuileta sisi. Aliileta mkewe. Alikuwa mke wa pili, aliyeolewa baada ya yule wa kwanza kufariki, mdogo kwa mumewe kwa miaka mingi, mwenye kimeza cha mboga na samaki wadogo wa omena karibu na ukumbi. Mama mkimya. Watoto wa mke wa kwanza, watu wazima wenye familia zao miji mingine, hawakumchangamkia, na mimi, nikiri, sikumchangamkia vilevile. Kwa miaka yote ile nilimwona kama mkono unaotua trei. Nilikuwa nikimwambia "asante mama" huku macho yako kwenye kitabu.

Katika miezi ya mwisho mzee aliacha kutoka barazani. Nilikwenda na kitabu, mkewe akasimama mlangoni, akasema, "Amelala, jirani. Nipe nimpelekee." Wiki iliyofuata, vilevile. Mwezi uliofuata, vilevile. Vitabu vilirudi bila vikaratasi. Nilianza kununa. Nilimwambia dada yangu kwenye simu kwamba yule mama anamficha mzee wa watu, na dada yangu akaniuliza anamficha kwa nini, nikasema sijui, lakini kuna jambo. Katika vitabu vyangu, mke anayesimama mlangoni akisema mumewe amelala huwa ana lake.

Alikufa Jumamosi. Nilikuwa nje nafua, yapata saa nne asubuhi. Nilimwona mama akitoka na beseni, akaanika mashuka mawili kwenye kamba, kisha akarudi ndani na kutoka akiburuta godoro, akaliegemeza kwenye ua, upande wenye jua. Lilikuwa limelowa katikati. Aliingia ndani tena. Nilimaliza kusuuza nguo zangu zote, nikaanza kuanika, ndipo nikasikia nduru.

Tulikimbia majirani wote. Mzee alikuwa amelala kitandani juu ya mkeka, amenyooshwa vizuri, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka juu, nywele zimechanwa. Sakafu ilikuwa mbichi, imepigwa deki sasa hivi. Chumba kilinukia dawa ya kung'arisha nguo. Kikombe kimoja kilikuwa kimeinamishwa juu ya meza, bado kinachuruzika maji. Mama alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi, anasema, "Nimetoka kuteka maji, kurudi nakuta amenyamaza. Nimetoka tu kidogo, kurudi amenyamaza."

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Wanawake wote walikuwa wanalia, na mimi pia machozi yalikuwa yananitoka, kwa kuwa nilimpenda yule mzee. Lakini chini ya machozi, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikitazama kile kikombe, nikaitazama sakafu, nikakumbuka godoro, na nikasikia raha ileile ninayosikia kitandani kwangu nikifika katikati ya kitabu. Nilijiambia: ameosha kila kitu kabla ya kuita watu. Nilikuwa nimesimama miguuni pa rafiki yangu aliyekufa, na nilikuwa nafurahia.

Siku mbili nilijizuia. Siku ya tatu tulikuwa tunaosha vikombe nyuma ya tenti, jioni, nyimbo zinaimbwa mbele, na karibu yangu alikuwa mama mmoja wa kwaya ambaye hawezi kulala na neno. Nilimjua hivyo, na bado nilianza kwa yale maneno ya watu wa umbea wa dunia nzima.

"Mimi sisemi kitu," nilisema.

"Sema tu."

"Sisemi. Lakini mtu akikuta mumewe amekufa, analia kwanza au anafua godoro kwanza?"

Aliacha kikombe ndani ya maji. "Ati alifua? Kabla ya nduru?"

"Nimesema tu nilichoona kwa macho yangu."

Kesho yake binti mkubwa wa marehemu alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Anti," akaniambia, "nasikia wewe uliona." Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema nilikuwa mbali, au kwamba watu wanakuza mambo, au ningemwambia tu kwamba baba yake alikuwa mgonjwa na mama yule alikuwa amechoka. Badala yake nilimsimulia upya, kwa mpangilio, kwa saa. Saa nne na dakika kumi hivi, mashuka. Baada ya hapo, godoro. Nduru, karibu saa tano kasorobo. Nilijivunia zile dakika. Aliponishukuru, nilisikia kama nimefanya kazi.

Mazishi yaliahirishwa wiki nzima. Familia ilitaka mwili upasuliwe na daktari kwanza. Mimi, katibu, ndiye niliyempigia simu mwenye basi na mwenye tenti kuwaambia tarehe zimebadilika, na walipouliza kwa nini nikasema ni mambo ya kifamilia. Jioni za matanga ziliendelea, lakini sasa mjane alikuwa anakaa kwenye pembe ya chumba, juu ya mkeka, na kati yake na wanawake wengine kulikuwa na nafasi ya watu watatu. Waliambiwa wasile alichopika. Siku moja alichemsha uji, akaumimina vikombeni, akavipanga kwenye trei. Vikombe vilikaa pale mpaka uji ukashika ngozi juu. Niliviona. Sikunywa.

Karatasi ya daktari ilisema ni moyo, pamoja na ugonjwa wa siku nyingi wa tezi dume uliokuwa umemharibu sehemu za chini. Hakuna sumu, hakuna mkono wa mtu. Nilipoisikia ikisomwa nilitarajia mambo yaishe, na nikiwa mkweli, kuna kipande changu kilichosikitika. Lakini binti mkubwa alikunja ile karatasi na kusema, "Sawa. Lakini bado hajasema kwa nini alifua." Swali langu halikuwa langu tena. Lilipanda basi na mwili, likaenda magharibi.

Kwa wasiojua, kwenye mazishi yetu, yao na yetu sisi Wakamba pia, kuna sehemu ya ratiba ambapo mtu mmoja aliyekuwa karibu na marehemu husimama na kueleza ugonjwa. Huwa ni maneno machache. Aliugua mwezi fulani, tukampeleka hospitali, madaktari wakajitahidi, Mungu akamchukua. Watu wanaguna, wanainamisha vichwa, na kifo kinafungwa hapo, asibaki mtu wa kunong'ona. Kwa kawaida husimama mtoto au ndugu. Safari hii binti aliniambia niandike: mjane mwenyewe. Nikaandika. Kipengele cha sita, Maelezo ya Ugonjwa na Kifo, na mbele yake neno mjane, herufi nzito.

Nyumbani kwao marehemu wazee walikuwa wameshaamua. Akieleza vizuri, atatupa udongo kaburini kama mke, na atarudi Kaloleni kwenye nyumba yake. Asipoeleza, ataondoka na begi lake kabla jeneza halijashushwa, na nyumba itachukuliwa na watoto. Haya niliambiwa na yule mama wa kwaya tukiwa tumekaa tenti ya pili. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesubiri ngoma ianze, na mimi sikumkemea, kwa kuwa nami nilikuwa nimejiweka sawa kwenye kiti. Ndiyo, hata baada ya karatasi ya daktari. Niliangalia mbele: ndugu wote wamekaa, watoto wote, majirani, mchungaji, na jeneza katikati. Nikawaza, hii ndiyo ile sebule. Hii ndiyo sura ya mwisho.

Mama alipewa kipaza sauti. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya kuazima, imemzidi mabega. Alieleza kama wanavyoeleza wote: ugonjwa ulianza mwaka uliopita, hospitali mara nne, dawa, kisha ile Jumamosi. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. Mwendesha ratiba alikuwa ameshainuka amshukuru, ndipo ndugu mdogo wa marehemu akasimama.

"Mama, tunakuuliza kwa heshima. Watu walikuona ukifua godoro na mashuka kabla ya kuita mtu yeyote. Na sakafu ukapiga deki. Kwa nini?"

Jenereta peke yake ndiyo ilikuwa inanguruma nyuma ya jikoni. Mama aliligeukia jeneza, akalitazama kwa muda mrefu sana, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Lazima niseme hapa?"

"Sema, watu wasikie."

Aliinamisha kichwa. "Mzee alikuwa hajizuii," alisema. "Miezi minane. Kubwa na ndogo. Nilikuwa namfunga nguo kama mtoto, nambadilisha, namwosha. Alikuwa analia akioshwa. Akaniapisha mtu yeyote asijue, hata watoto wake. Akasema hata siku nikifa, usimwite mtu kabla hujanisafisha, wasinikute hivi. Siku hiyo nilimkuta amechafuka. Nikamsafisha. Nikamvalisha. Nikatoa godoro. Ndiyo nikalia."

Hakuna aliyeguna. Bibi mmoja alijifunika uso kwa leso. Wana wa kiume wa marehemu walikuwa wanatazama viatu vyao. Na kutoka nyuma, mahali vijana walipokuwa wamesimama, nilisikia kicheko. Kilikuwa kifupi, cha mtu mmoja au wawili, kikazimwa upesi. Lakini kilitoka, na kilimhusu yeye, yule mtu aliyepiga pasi shati la kukaa barazani. Ilikuwa siku yake ya mwisho juu ya ardhi, wajukuu wake wamekaa safu ya mbele, na jambo ambalo mkewe alilificha kwa mikono yake miezi minane limetangazwa kwa kipaza sauti kwa sababu yangu.

Yule ndugu akasema, "Asante mama, tumeelewa," kama aliyeelekezwa njia ya kwenda sokoni.

Hapo ndipo nikalikumbuka godoro. Halikuwa limetolewa siku moja tu. Lilikuwa lile lile, kwenye ua ule ule, wiki baada ya wiki, na siku za mwisho karibu kila asubuhi nikitoka kwenda kazini. Na mashuka kila siku kambani, ya mtu mwenye kitanda kimoja. Niliyaona yote. Nilikuwa nimeyaona mpaka nikayazoea, na kitu nilichokizoea sikukihesabu. Nikamwona mama mara moja tu, siku aliyokuwa na faida kwangu.

Alitupa udongo. Hakufukuzwa. Wazee walimpa mkono, binti mkubwa akamshika bega, watu wakaanza kupakuliwa wali. Kwenye kitabu mambo yangeishia hapo, jina la mtu mwema limesafishwa na chai imeletwa. Mimi nilikaa na sahani mapajani, na nilitamani mtu anisimamishe na kuniuliza mimi nilikuwa natafuta nini. Hakuna aliyeniuliza. Walinipongeza kwa ratiba nzuri.

Alirudi Kaloleni baada ya wiki kadhaa, akafungua kimeza chake karibu na ukumbi. Nikaanza kununua mboga mbali, karibu na Majengo, eti za huko ni mbichi zaidi. Asubuhi nilichungulia dirishani kabla ya kutoka nisije nikakutana naye. Nilikuwa mwoga namna ambayo sikujua naweza kuwa. Tukikutana kwa bahati mbaya alinisalimia, "Habari ya asubuhi, jirani," na mimi nikaitikia huku natafuta funguo ambazo ziko mkononi.

Jumapili moja mchana, baada ya ibada, nilivuka. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinuka, lakini alinisogezea stuli. Nilikaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kutosha kurasa mbili, na yote yakapotea.

"Mimi ndiye niliyesema lile jambo la godoro," nilimwambia.

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Mlango unaoona kamba yangu ni mmoja tu." Alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Hata huko kwenye mazishi nilijua."

Nikamwomba msamaha. Nililia, na niliona aibu hata ya kulia, maana alikuwa ananisubiri nimalize kwa uvumilivu, kama alivyosubiri mengine mengi. Alipeta ungo mara mbili. Nikadhani atanifukuza, na ningeshukuru. Nikadhani atasema amenisamehe, na hilo pia ningelichukua nikimbie nalo nyumbani. Hakusema lolote kati ya hayo mawili.

"Kuna siku ulileta kitabu," alisema. "Ilikuwa kabla ya Krismasi. Mgongo wangu ulikuwa umekataa kabisa, nilikuwa siwezi kumgeuza, na yeye hataki mtu. Kusoma alikuwa ameacha kitambo, macho yamekataa. Ukabisha. Nikiwa natembea kuja mlangoni nikasema moyoni, leo nitavunja kile kiapo. Huyu ni rafiki yake. Akiniuliza tu, mzee anaendeleaje, nitamwambia yote, nimwombe aingie anishikie upande mmoja."

Aliweka ungo chini.

"Nikafungua. Ukaniuliza amefika ukurasa wa ngapi."

Nimejaribu kuikumbuka siku hiyo. Kikombe cha watu naweza kukikumbuka mwaka mzima, na dakika za kifo cha mtu nilizitaja moja moja. Siku hiyo siikumbuki.